Wimbo ni Mali ya Nani? Habari za Creedence Clearwater Revival

Kuna nyimbo ambazo watu huziimba wakiwa kazini au njiani, wala hawajui ni nani aliyezitunga. Nyimbo za bendi ya Marekani iitwayo Creedence Clearwater Revival ni za namna hiyo. Zimepigwa katika redio za dunia kwa zaidi ya miaka 50. Zimetiwa katika sinema za vita ya Vietnam. Na waimbaji wengine wenye majina makubwa wamezichukua na kuziimba kwa namna yao. Lakini bendi yenyewe ilidumu kwa jina hilo muda mfupi mno, tangu mwanzo wa 1968 hata Oktoba 1972. Katika muda huo ilitoa santuri kubwa saba, zikauzwa kwa mamilioni, kisha ikavunjika kwa ugomvi usiopata suluhu hata mmoja wao alipoingia kaburini.

Hatuandiki leo ili kuusifu muziki wa roki, wala ili kuulaumu. Wako wanaoupenda na wako wanaoziba masikio, na kila mmoja ana haki yake. Twaandika kwa sababu katika habari za vijana hawa wanne mna swali linalomhusu kila mtu aishiye kwa kazi ya akili na mikono yake. Swali lenyewe ni hili: mtu akitunga wimbo kwa akili yake, akauimba kwa sauti yake, kisha akatia sahihi karatasi ambayo hakuifahamu vema, je, wimbo ule ni mali yake au ni mali ya mwenye karatasi?

WATOTO WA EL CERRITO

El Cerrito ni mji mdogo wa California, ng'ambo ya ghuba ukitoka San Francisco. Hapo mwaka 1959 wanafunzi watatu wa shule moja, wote waliozaliwa mwaka 1945, walianzisha bendi ya kitoto wakaiita The Blue Velvets. John Fogerty alipiga gitaa, Stu Cook alipiga piano na baadaye gitaa la besi, na Doug Clifford alipiga ngoma. Kaka yake John, Tom Fogerty, aliyezaliwa 1941, alikuwa tayari mwimbaji. Akajiunga na wadogo zake hao, na kwa muda yeye ndiye aliyekuwa mbele akiimba.

Lakini sauti ya John ilipokomaa, kila mtu alisikia kwamba ndiyo iliyokuwa na nguvu. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, yenye kupasua hewa kama msumeno. Tom, aliye mkubwa kwa umri, akarudi nyuma akashika gitaa la rithimu, akampisha mdogo wake. Si kaka wengi wawezao kufanya hivyo bila ya kinyongo, na twaomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Mwaka 1964 walijiunga na kampuni ya santuri iitwayo Fantasy, ya San Francisco, ambayo hadi wakati huo ilijulikana kwa muziki wa jazi. Kampuni iliwapa jina la The Golliwogs, yaani jina la mwanasesere aliyetengenezwa kwa kuwadhihaki watu weusi. Wenyewe hawakulipenda jina hilo, na sisi twaona hakika hawakukosea. Santuri ndogo walizotoa kwa jina hilo hazikuwafikisha mbali. Mwaka 1966 John aliingia katika jeshi la akiba, na Doug katika akiba ya walinzi wa pwani, maana vita ya Vietnam ilikuwa imepamba moto na kila kijana aliangalia sanduku la barua kwa hofu.

Mwaka 1967 kampuni ya Fantasy ilinunuliwa na Saul Zaentz pamoja na wenziwe. Zaentz aliwataka vijana wale watafute jina jipya. Wakachukua neno moja kutoka jina la mtu waliyemsikia, neno la pili kutoka tangazo la bia lililosifu maji safi, na neno la tatu lenye maana ya kufufuka. Ndipo likazaliwa jina refu la Creedence Clearwater Revival.

MWAKA WA SANTURI TATU

Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka 1968. Wimbo uliowafungulia mlango, Suzie Q, haukuwa wao. Ulikuwa wimbo wa Dale Hawkins wa miaka ya 1950, nao wakaurefusha hata ukapita dakika nane. Ulifika nafasi ya 11 katika orodha ya gazeti la Billboard, ambayo ndiyo mizani ya biashara ya muziki katika Marekani. Tangu hapo John alianza kutunga, na kazi aliyoifanya katika miezi 18 iliyofuata ni ya kustaajabisha.

Katika mwaka mmoja wa 1969 bendi hii ilitoa santuri kubwa tatu: Bayou Country, Green River, na Willy and the Poor Boys. Siku hizi mwanamuziki mashuhuri hukaa miaka mitatu au zaidi kabla hajatoa moja. Mwaka 1970 wakatoa nyingine mbili, Cosmo's Factory na Pendulum. Jina la Cosmo's Factory lilitokana na mahali pao pa kufanyia mazoezi, ambapo walifika kila siku kama wafanya kazi wafikavyo kiwandani, na Cosmo lilikuwa jina la utani la Doug, mpiga ngoma. Santuri hiyo ilikaa kileleni mwa orodha ya santuri kubwa za Marekani kwa majuma tisa.

Muziki wao ulikuwa namna gani? Wakati ule, katika mji wa San Francisco uliokuwa jirani yao, bendi nyingi zilipenda kupiga wimbo mmoja kwa muda mrefu, gitaa likitangatanga huku na huku. Creedence walikwenda njia nyingine. Wimbo wao aghalabu ulimalizika kwa dakika mbili au tatu. Gitaa la solo lilisema neno lake likanyamaza. Besi na ngoma zilishikana mkono, hazikukimbia wala hazikusinzia. Kila kitu kilichokuwamo kilikuwa na kazi yake, na kisichokuwa na kazi kiliondolewa. Ndiyo sababu hata bendi za vijana wanaojifunza gitaa leo huanza na nyimbo hizi: zaonekana nyepesi, na ukijaribu kuzipiga sawasawa ndipo unapojua ugumu wake.

Ajabu nyingine ni kwamba nyimbo nyingi za John zilikuwa za kusini mwa Marekani: merikebu za mto Mississippi, vinamasi vya Louisiana, joto na mbu. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa California, hakulelewa huko. Aliijua nchi ile kwa kusikiliza santuri za wanamuziki weusi na weupe wa kusini, kisha akaijenga katika mawazo yake. Green River, ambayo wengi hudhani ni mto wa kusini, chimbuko lake ni kijito cha California ambako wazazi wake waliwapeleka watoto wakati wa likizo. Na mji wa Lodi, alioufanya mahali pa mwanamuziki aliyekwama bila nauli, ni mji wa wakulima wa California ambao alipoutungia wimbo alikuwa hajaufikia.

MARA TANO WA PILI

Wimbo wa Proud Mary, jina la merikebu ya mtoni, alianza kuutunga mwaka 1968, alipopata karatasi ya kuachwa huru na jeshi. Ulipotoka mwanzoni mwa 1969 ulifika nafasi ya pili. Bad Moon Rising, wimbo wa mwezi wa nuksi uliotungiwa mdundo wa kuchezeka, ulifika nafasi ya pili pia, ijapokuwa huko Uingereza ulikuwa wa kwanza. Green River wa pili. Travelin' Band, uliokuwa upande mmoja wa santuri ndogo na Who'll Stop the Rain upande wa pili, mwaka 1970, ukawa wa pili. Lookin' Out My Back Door, mwaka huo huo, wa pili tena. Mara tano walifika mlangoni pa nafasi ya kwanza ya Marekani, na mara tano walikuta mtu ameketi. Hawakuipata hata siku moja.

Twalisema jambo hili kwa sababu lina fundisho. Baadhi ya nyimbo zilizowashinda majuma yale hazikumbukwi tena ila na watunza kumbukumbu, nao wa pili wanaimbwa hata leo. Proud Mary ilichukuliwa na Ike na Tina Turner mwaka 1971, wakaifanya iwe moto mwingine kabisa, ikafika nafasi ya nne. Wako watu mpaka leo wanaodhani ni wimbo wa Tina Turner tangu asili.

WATOTO WA WAKUBWA NA WATOTO WA WANYONGE

Miongoni mwa nyimbo zao umo mmoja ambao hatuwezi kuupita kimya. Ni Fortunate Son, uliotolewa mwaka 1969. Wakati huo vijana wa Marekani walikuwa wakiandikishwa kwa lazima kwenda Vietnam, lakini wenye fedha na wenye jamaa katika vyeo walikuwa na njia nyingi za kukwepa. John ameeleza kwamba wazo lilimjia kwa kutazama harusi ya mjukuu wa Rais Eisenhower na binti wa Richard Nixon, mwisho wa mwaka 1968, akajiuliza kama vijana wa nyumba kama hizo wangepelekwa mstari wa mbele kama wengine. Wimbo wenyewe hautukani askari. Yeye mwenyewe alivaa sare. Unawasema wale wanaopiga kelele za vita huku watoto wao wamelala kwa amani.

Hata hivyo wimbo huu umepata mikasa. Wenye haki ya kuutoa kwa biashara waliuuza utumike katika tangazo la suruali za jinzi, na maneno yakakatwa yakabakia yale yanayosikika kama kuisifu bendera. Mtungaji alichukizwa lakini hakuwa na uwezo wa kuzuia, maana wimbo haukuwa mikononi mwake. Mwaka 2020 ulipigwa katika mikutano ya kampeni ya Rais Donald Trump, na John akatoa amri kwa maandishi kwamba ukome kutumiwa. Mtu aliyeandika juu ya watoto wa matajiri aliona ajabu kusikia wimbo huo ukimpokea mwana wa tajiri.

FAHALI KATIKA ZIZI MOJA

Sasa tuingie katika habari ya kuvunjika. John alitunga nyimbo karibu zote, aliziimba, alipiga gitaa la solo, alisimamia kazi ya studio, na hatimaye alishika hata mambo ya biashara. Kwa nje ilionekana ni nguvu. Kwa ndani wenzake watatu walianza kuona kwamba wamekuwa vibarua katika bendi waliyoianzisha wote. Tom, yule kaka aliyekwisha toa nafasi yake mara moja, aliomba naye asikilizwe kidogo. Hakusikilizwa. Mwanzoni mwa 1971 alijitoa.

Have You Ever Seen the Rain, uliotoka mwanzoni mwa mwaka ule ule, watu wengi hudhani ni wimbo wa vita. John amesema ulikuwa juu ya bendi yenyewe: mafanikio yalikuwa juu yao kama jua, na huku mvua inanyesha. Ulifika nafasi ya nane, na huenda ndio wimbo wao unaopendwa zaidi kuliko wote leo.

Watatu waliobaki walitoa santuri ya mwisho, Mardi Gras, mwaka 1972. Safari hii kazi iligawanywa: Stu na Doug nao watunge na waimbe. Wako wasemao John alifanya hivyo kwa haki, na wako wasemao alifanya kwa kuwakomoa, ili dunia ione nani mwenye kipaji. Wahakiki waliishambulia vibaya. Oktoba 1972 bendi ilitangaza mwisho wake.

Sisi twaona makosa yalikuwa pande zote. Mwenye kipaji aliyesahau kwamba hakuanza peke yake alikosea. Na wenzake waliodhani kipaji chaweza kugawanywa kwa mafungu sawa kama nyama ya sadaka walikosea pia. Haki ilikuwa katikati: wimbo bora upigwe, yeyote aliyeutunga, lakini mambo ya fedha na mikataba yaamuliwe na wote wanne. Huko kwenye fedha na mikataba ndiko walikopata hasara kubwa zaidi.

KARATASI NA KALAMU

Mkataba waliotia sahihi na Fantasy uliipa kampuni nyimbo zote na santuri zote. Mapato waliyopewa wanamuziki yalikuwa madogo kwa kulinganisha na mauzo, na mkataba ulidai nyimbo nyingi kwa kila mwaka. Walipokuwa hawana jina walitia sahihi kwa furaha. Walipokuja kuuza mamilioni walitaka masharti yabadilike, na hawakupata walilolitaka. Habari ya Esau katika Maandiko, aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu akiwa na njaa, si habari ya kale tu.

Tuwe wa haki. Kampuni iliwapokea walipokuwa hawajulikani, ikatoa fedha zake kabla ya kuona faida, na Zaentz aliwaachia uhuru studioni. Faida ilikuwa halali yake. Lakini baadaye Zaentz aliingia katika sinema, na kampuni iliyotajirika kwa nyimbo za Creedence ikawa na mtaji wa kufanya mambo makubwa. Sinema zake tatu, za 1975, 1984 na 1996, zilipata tuzo ya Oscar ya sinema bora. Wakati huo mtungaji wa nyimbo alikuwa akihangaika na mawakili. Zaidi ya hayo, akiba ya wana bendi iliwekwa katika benki iliyoitwa Castle, huko Bahama, kwa mpango ambao ungewapunguzia kodi. Mwaka 1977 benki ile ikaanguka, na fedha zikaenda nayo.

Mwaka 1980, ili apate kufunguliwa katika mkataba ule, John aliiachia Fantasy mrahaba wake wa mauzo ya santuri za Creedence. Yaani alinunua uhuru wake kwa kutoa mavuno yake.

SANTURI YA MKUSANYO

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalifikirii: santuri za mkusanyo. Bendi ilipokwisha, kampuni haikuwa na haja ya studio wala ya wanamuziki. Ilikuwa na ghala iliyojaa. Ikatoa Creedence Gold mwaka 1972 na More Creedence Gold mwaka 1973. Kisha mwaka 1976 ikatoa ile iliyozishinda zote, Chronicle, yenye nyimbo 20.

Chronicle imepangwa karibu kwa kufuata miaka, kuanzia Suzie Q ya 1968 hadi Someday Never Comes ya 1972, wimbo wa mtoto aliyeachwa na baba yake naye akakua akamwacha mwanawe. Anayeisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho husikia bendi ikizaliwa, ikinenepa, ikichoka. Katika nyimbo hizo 20, nyimbo 17 zilitungwa na John Fogerty. Tatu tu ni za wengine: Suzie Q, I Put a Spell on You wa Screamin' Jay Hawkins, na I Heard It Through the Grapevine wa Norman Whitfield na Barrett Strong, ambao Creedence waliupiga kwa dakika 11. Kilichosaidia ni desturi yao ya kutia wimbo wenye nguvu pande zote mbili za santuri ndogo, ambapo bendi nyingine upande wa pili zilitia makapi. Hata hivyo Born on the Bayou, uliokuwa nyuma ya Proud Mary, na ambao wapenzi wengi huuona ndio roho ya bendi, haukutiwa humo. Ilibidi ungoje Chronicle ya pili, iliyotoka 1986.

Chronicle ya kwanza imeuzwa Marekani zaidi ya milioni 10, na imekaa katika orodha ya santuri kubwa 200 za Billboard kwa zaidi ya majuma 500. Fikiri, msomaji: majuma 500 ni zaidi ya miaka tisa. Bendi yenyewe haikudumu hata miaka mitano.

Kwa mnunuzi, mkusanyo ni neema. Kwa bei ya santuri moja hupata mavuno ya saba. Kwa kampuni, ni shamba lisilolimwa tena bali huvunwa tu, maana gharama za kurekodi zilikwisha lipwa zamani. Kwa mwanamuziki, inategemea karatasi. Na kwa miaka mingi, kila Chronicle iliponunuliwa, fungu la mrahaba la yule aliyeimba nyimbo zile halikumfikia.

Hata ghala yenyewe haikutunzwa kwa uangalifu siku zote. Mwaka 1980 kampuni ilitoa santuri ikasema ni onyesho la Royal Albert Hall la London. Baadaye ikagunduliwa kwamba lilirekodiwa Oakland, California, Januari 1970, hata ikabidi jina libadilishwe. Onyesho la kweli la London, la Aprili 1970, halikutoka hadi mwaka 2022.

KUSHITAKIWA KWA KUFANANA NA NAFSI YAKE

Baada ya miaka karibu kumi ya ukimya, John alirudi mwaka 1985 na santuri ya Centerfield, ambayo alipiga vyombo vyote peke yake. Ikafika nafasi ya kwanza. Ndipo Fantasy ikamshitaki. Ilidai kwamba wimbo wake mpya, The Old Man Down the Road, ulikuwa ni Run Through the Jungle wa mwaka 1970 uliobadilishwa maneno. Run Through the Jungle aliutunga nani? Aliutunga yeye mwenyewe. Lakini mali ilikuwa ya Fantasy. Kwa hiyo mtu alishitakiwa kwa kujiiba.

Kesi ilisikilizwa San Francisco mwaka 1988. John aliingia katika kizimba cha mashahidi na gitaa lake, akawaonyesha raia walioitwa kuamua kesi jinsi nyimbo zinavyozaliwa mikononi mwake, na kwamba mtu mmoja ana mwendo wake, kama alivyo na mwandiko wake. Wakamwamini, akashinda. Isitoshe, Zaentz alikuwa amemshitaki pia kwa wimbo mwingine wa santuri ile uliomsimanga mtu mwenye jina lililofanana na lake. Jina hilo likabadilishwa kidogo, na shauri likamalizwa kwa mapatano.

Lakini kushinda kuliacha deni la mawakili. Wakati ule mahakama za sehemu ile ya nchi zilikuwa na desturi ya ajabu: mwenye haki ya kunakili akishinda kesi, kwa kawaida hurudishiwa gharama zake, mshitakiwa akishinda, harudishiwi mpaka aonyeshe kwamba kesi ililetwa kwa hila au kipuuzi. John hakukubali. Alikwenda mpaka mahakama iliyo juu ya zote nchini Marekani, na tarehe 1 Machi 1994 majaji wote, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu William Rehnquist, walisema kwamba pande zote mbili zipimwe kwa mizani moja. Baadaye alipewa zaidi ya dola milioni 1.3 za gharama. Hukumu hiyo bado hutajwa katika mahakama za Marekani, na kwa maoni yetu ni urithi usio mdogo kuliko Proud Mary. Wimbo wamfurahisha msikilizaji. Hukumu ile yamlinda mtungaji mnyonge anayeburutwa mahakamani na kampuni yenye fedha.

UCHUNGU NA MAREJEO

Uchungu ulimfanya John akatae kuimba nyimbo zake za Creedence kwa miaka mingi. Alizirudia mbele ya umati mkubwa tarehe 4 Julai 1987, katika tamasha la kuwakaribisha askari waliopigana Vietnam. Twaona alichagua watu waliostahili.

Lakini uchungu huo huo ulimkosesha mema. Tom alikufa Septemba 1990, akiwa na umri wa miaka 48, kwa maradhi aliyoyapata kwa kutiwa damu hospitalini. Katika ugomvi na kampuni alikuwa ameegemea upande wa Zaentz, na ndugu hao wawili hawakupatana kikweli mpaka mauti. Mwaka 1993 bendi ilipoingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, John alipiga nyimbo zao pamoja na wanamuziki wengine, na Stu na Doug wakaachwa wasipige. Wawili hao walipoanzisha bendi yao mwaka 1995 kwa jina lililokaribia lile la zamani, John akawashitaki. Aliyeonja ubaya wa kuburutwa mahakamani akawaburuta wenzake wa utotoni.

Mwaka 2004 Fantasy ilinunuliwa na kampuni ya Concord, ambayo ilimrudishia John mrahaba aliouacha mwaka 1980. Zaentz alikufa Januari 2014. Na Januari 2023, akiwa na miaka 77, John alitangaza kwamba amenunua sehemu kubwa zaidi ya haki za nyimbo alizotunga kwa Creedence. Santuri za asili zilibaki kwa Concord. Mwaka 2025, alipofikisha miaka 80, alitoa mkusanyo mpya uitwao Legacy, wenye nyimbo 20 za siku zile alizoziimba upya, akisaidiwa na wanawe. Zaidi ya nusu karne baada ya kuzitunga, mwenye nyimbo alikuwa na mkusanyo wa mkono wake.

NENO LETU

Swali tulilouliza mwanzoni tunalijibu hivi. Kwa sheria, wimbo ni wa mwenye karatasi. Kwa haki, mtungaji asingalipaswa kungoja mpaka uzee ili ajinunulie kilichotoka kichwani mwake. Kati ya sheria na haki kuna kalamu, na kalamu hiyo imo mkononi mwa kijana mwenye kipaji siku ile anapopewa mkataba wa kwanza. Asiione haya kuuliza. Aupeleke kwa mtu ajuaye sheria, aulize nyimbo zitakuwa za nani baada ya miaka 10, baada ya 30, na baada ya kufa kwake. Aulize pia juu ya santuri za mkusanyo, maana bendi hufa, na mkusanyo huishi.

Na wale walioanza pamoja waandikiane mapatano yao mapema, wangali wanapendana. Creedence walishindana na kampuni kwa miaka mingi, na mwishowe mmoja wao alishinda. Lakini zile santuri saba walizitengeneza wanne au watatu, na hakuna mahakama iliyoweza kuwarudishia siku za El Cerrito, wala kumrudisha Tom apatane na mdogo wake.